Usiache Mbachao Kabla ya Kuupima: Injini ya Gari la Zamani, Kuifufua au Kuibadilisha?

NCHI JIRANI: Barua ya fundi kutoka Kampala

Miongoni mwa maswali anayoulizwa fundi wa injini kila siku, liko moja ambalo halina jibu la haraka, ingawa sisi mafundi hulijibu haraka mno. Nalo ni hili: injini ya gari la zamani ikichoka, je, ifufuliwe, au itolewe na kutiwa nyingine mahali pake?

Kwa gari la kazi jawabu huja lenyewe. Teksi ikilala gereji siku kumi, watoto wa dereva wanalala na njaa, kwa hiyo hutiwa injini yo yote iliyo nzima, likarudi barabarani. Lakini kwa gari la michezo la zamani, ambalo mwenyewe amelitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa ukoo, mambo ni mengine. Hapo fundi akikosea, hakosei kwa siku kumi. Hukosea moja kwa moja.

Katika barua hii nataka kueleza habari ya gari moja la namna hiyo lililofika gerejini kwetu, na namna tulivyofikia uamuzi. Nitaeleza pia kosa nililofanya mwenyewe zamani, maana bila ya kosa hilo nisingalikuwa na la kuwafundisha vijana.

GARI LENYEWE

Lilikuwa Datsun 240Z la mwaka 1972. Vijana wa leo huenda hawalijui, lakini wazee wanalikumbuka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari kwa gari la aina hii, na aliyewafuata nyuma, pia kwa 240Z, alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka Uganda, kwani mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini. Kwa hiyo gari hili likipita barabarani hapa kwetu, watu wa umri fulani husimama na kulitazama.

Injini yake ni ya chuma cha kalibu, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, hedi ya alumini na kemshafti moja juu. Jina lake ni L24. Kipenyo cha silinda ni milimita 83, mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2393. Krenki imeshikwa na beringi kuu saba. Ni injini ngumu, na ndiyo sababu ilistahimili vumbi na matope ya Safari.

Aliyelileta alikuwa mzee mmoja mstaafu, pamoja na mwanawe. Gari lilikuwa likitoa moshi wa bluu, likinyonya oili, na nguvu zimepungua. Lilipokuwa likipanda vilima vya Kabale, mzee alisema, malori yalikuwa yakimpigia honi yapite.

"Fundi," mwanawe akaniambia hata kabla sijafungua boneti, "hii imekufa. Toa hili dude, tia 2JZ ya Toyota. Nimekwisha kuiona moja, nzima kabisa."

Mzee alikuwa kimya. Kisha akasema, "Fundi, mimi nina fedha za kiinua mgongo, na nyingine hazitakuja. Uniambie kweli."

KOSA LANGU LA MWAKA 1998

Maneno hayo yalinichoma, na nitasema kwa nini. Mwaka 1998 mwalimu mmoja alileta kwetu MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza. Asubuhi likiwashwa lilitoa wingu la moshi wa bluu, kisha moshi ukapungua. Mimi nikamwambia injini imekwisha. Sikupima cho chote. Katika gereji niliyofanya kazi wakati ule, fundi hakulipwa hata senti kwa kupima. Alilipwa kwa kazi iliyofanyika, na kazi kubwa ilikuwa na malipo makubwa. Kwa hiyo nikatia injini ya saluni ya Kijapani. Tukakata boriti, tukaunga vishikizo vya injini upya, tukatafuta giaboksi nyingine kwa sababu ile ya kwanza haikukubali.

Injini ya zamani ilikaa nyuma ya gereji juu ya matairi. Baada ya miezi miwili fundi mkuu aliyenifundisha kazi aliifungua, akaniita. Silinda zilikuwa safi, na alama za kupigwa msasa kiwandani zilikuwa bado zinaonekana. Kilichokuwa kimeharibika ni sili za valvu na miongozo yake. Oili ilikuwa ikiteremka usiku pembeni mwa valvu na kuungua asubuhi. Kazi ya siku mbili au tatu, na vipande vidogo vinavyojaa kiganjani.

Gari la mwalimu halikupoa vizuri tena. Radieta haikutosha, mlingoti wa usukani ulikuwa ukigusa ekzosti, na hatimaye aliliuza kwa bei ya chuma. Hakunilaumu, kwani hakujua. Mimi nilijua.

KUPIMA KWANZA

Kwa hiyo nilimwambia yule mzee: "Mzee, leo sitakuambia neno. Nipe siku mbili za kupima, na siku hizo utazilipa kama kazi nyingine yo yote. Nikikuta injini ni nzima, utakuwa umelipa kidogo ili usipoteze kingi." Akakubali.

Siku ya kwanza tulipima mgandamizo. Injini ilipashwa moto kwanza, plagi zote sita zikatolewa, kabureta zikafunguliwa wazi, na betri ilikuwa imejaa chaji. Ukipima injini ikiwa baridi au betri ikiwa dhaifu, unapima betri, hupimi injini. Tulipata hesabu hizi, kwa pauni katika inchi ya mraba, kuanzia silinda ya kwanza: 165, 160, 120, 158, 115, 162.

Sheria ya injini hizi ni kwamba silinda iliyo chini kabisa isiwe pungufu ya asilimia 80 ya ile iliyo juu. Asilimia 80 ya 165 ni 132. Basi silinda ya tatu na ya tano zilikuwa zimeanguka mtihani, na nne zimefaulu.

Kisha tukatia kijiko cha oili katika kila silinda mbovu na kupima tena. Ya tatu ilipanda hadi 155. Maana yake oili imeziba mwanya uliokuwapo kati ya ringi na ukuta wa silinda, kwa hiyo ugonjwa uko chini. Ya tano ilibaki pale pale, 118. Maana yake ugonjwa uko juu, kwenye valvu. Kama zingekuwa silinda mbili zilizo jirani zimeanguka pamoja, tungeishuku gasketi ya hedi. Kijana msaidizi wangu aliyaandika yote haya kwenye daftari, na mzee akaonyeshwa.

Siku ya pili tuliinua hedi. Valvu ya ekzosti ya silinda ya tano ilikuwa imeungua ukingoni kama mkate. Tukapima silinda zote kwa geji, juu, katikati na chini, kwa upana na kwa urefu. Iliyolika zaidi ilikuwa ya tatu, imefika milimita 83.22. Mpaka wa kulika ni milimita 0.2. Basi ringi mpya peke yake zisingetosha. Silinda zilihitaji kukerezwa. Lakini bloku haikuwa na ufa, hedi ilikuwa haijapinda, na namba iliyopigwa kwenye bloku ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa ufupi, injini ilikuwa mgonjwa, haikuwa maiti.

NJIA TATU

Jioni ile tuliketi, mzee, mwanawe na mimi, nikawaeleza njia tatu zilizokuwapo.

Ya kwanza ni kuifufua ile ile. Silinda zote sita hukerezwa hadi milimita 83.5, zikatiwa pistoni za saizi ya juu kwa nusu milimita. Injini huongezeka kidogo tu, toka sentimita za ujazo 2393 hadi 2421, na hilo si la kujivunia. Krenki hupimwa, na palipochubuka hupunguzwa milimita 0.25 na kuvikwa beringi zinazolingana. Hedi hutiwa valvu, miongozo na sili mpya. Hapo pia hutiwa vikalio vigumu vya valvu za ekzosti, kwa sababu injini hizi zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu mwanzoni mwa 2006. Cheni ya taimingi, pampu ya oili na pampu ya maji hubadilishwa wakati huo huo, maana kuzirudia baadaye ni kufumua tena. Ubaya wa njia hii ni kungoja. Pistoni haziko dukani. Huagizwa ng'ambo, na gari hukaa juu ya mawe mpaka zifike.

Ya pili ni kutafuta injini ya jamaa moja. Ndugu mkubwa wa L24 ni L28, yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 79, yaani sentimita za ujazo 2753. Ndiyo iliyotiwa katika 280Z tangu 1975, na Nissan waliitia pia katika Patrol za petroli za miaka ya 1980. Hukaa kwenye vishikizo vile vile na hufunga kwenye giaboksi ile ile. Kabureta mbili za zamani huingia. Ikiwa imetoka katika Patrol, itabidi kuhamisha karta ya oili na mrija wa kunyonyea kutoka injini ya zamani, kwa sababu zile za Patrol zilichongwa kwa umbo la gari jingine. Nguvu huongezeka, na gari halikatwi hata mahali pamoja. Ubaya wake ni kwamba L28 unayoipata leo nayo ina umri wa miaka arobaini. Unaweza kutoa mgonjwa mmoja na kulaza mwingine. Nayo yabidi ipimwe vile vile.

Ya tatu ndiyo ile aliyoitaka kijana, injini ngeni. 2JZ ni injini nzuri, sitaisema vibaya. Ina sentimita za ujazo 2997 na valvu ishirini na nne, na spea zake ni rahisi kupata kwa sababu magari ya mtumba toka Japani yamejaa mjini. Ina farasi zaidi ya 200, hali L24 ilipotoka kiwandani ilihesabiwa kiasi cha 150, tena kwa hesabu ya zamani iliyokuwa na ukarimu.

Kijana akachangamka. "Si unaona, baba? Na injini yenyewe ni bei nafuu kuliko kuagiza pistoni!"

HESABU YA KARATASINI

Hapo nilichukua karatasi nikampa kalamu yeye mwenyewe aandike, mimi nikitaja. Injini. Giaboksi yake, kwani ile ya Datsun haifungi. Prope shafti kufupishwa na kusawazishwa. Vishikizo vya injini na cha giaboksi, vya kuchomelea. Karta ya oili kukatwa ili ipite juu ya boriti ya mbele. Kompyuta ya injini na waya zake zote, na fundi umeme wa kuzisoma. Pampu ya petroli ya presha, na mrija wa kurudisha petroli tangini. Radieta kubwa na feni za umeme. Ekzosti mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kebo ya mafuta. Geji za dashibodi zikubali injini mpya. Breki kubwa zaidi mbele, maana nguvu bila breki ni msiba. Difu, ambayo ilitengenezwa kwa nguvu za L24. Na mwisho, kuandikisha upya namba ya injini ili bima isije ikakataa kulipa siku ya ajali.

Ilikuwa mistari kumi na minne, na injini yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu. Kijana aliitazama karatasi, akairudia kuisoma, akaiweka mezani. Ndugu zangu, wengi wanaonunua injini ya pembeni hununua mstari wa kwanza tu. Mistari mingine huwajia gerejini mmoja mmoja, kila wiki na wake, na magari mengi unayoyaona yakioza uani bila injini yalikwama kati ya mstari wa nne na wa nane.

Hata hivyo sikusema kwamba njia ya tatu ni ya wapumbavu. Kama bloku ingekuwa imepasuka, au kama mtu aliyetangulia angekuwa amekwisha kulikata gari na kutupa injini yake, au kama mzee angetaka gari la mashindano na fedha zingekuwapo za mistari yote kumi na minne, ningeifanya kwa moyo mweupe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao ukiwa umeoza kabisa, hata wahenga wasingeulalia. Jambo ni kuupima kabla ya kuutupa.

UAMUZI

Nilimwuliza mzee swali moja: "Gari hili unalitakia nini?"

Akafikiri, akasema, "Nataka kwenda nyumbani Kabale mara moja kwa mwezi, bila kupigiwa honi. Na nikifa, huyu awe na kitu kilicho kizima, kisicho nusu hiki na nusu kile."

Basi njia ikajionyesha. Tukaifufua ile ile.

Pistoni zilichukua wiki saba kufika. Hatukukereza silinda kabla ya kuzipokea na kuzipima moja moja, kwani silinda hukerezwa kufuata pistoni iliyo mkononi, si kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Fundi wa kerezo, ambaye ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alikereza sita zote bila kupishana. Kijana wa mzee alikuja kila Jumamosi. Mara ya kwanza alisimama mlangoni mikono mifukoni. Mara ya nne alikuwa amevaa ovaroli ya kuazima, akisafisha njia za oili kwa mafuta ya taa na hewa ya kompresa.

Ilipowaka, hatukuipeleka mbio. Kwa kilometa 800 za kwanza haikupita mizunguko 3000 kwa dakika, na haikuachwa iungurume mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu ringi hukaa vizuri zikifanya kazi ya kadiri, si zikibembelezwa. Kisha oili ikabadilishwa, valvu zikarekebishwa, bolti za hedi zikakazwa upya. Tulipopima mgandamizo, silinda zote sita zilikuwa kati ya 168 na 174.

Gari halina nguvu kuliko lilipotoka kiwandani. Kijana bado anasema 2JZ ingelikimbia zaidi, na kweli ingelikimbia. Lakini mzee amekwisha kwenda Kabale mara tatu, na chupa ya oili aliyoibeba nyuma ya kiti ilirudi haijafunguliwa.

MALIPO YA KUPIMA

Sasa nageukia neno linalotuhusu sisi wafanyakazi hasa. Nimesema kwamba mwaka 1998 sikupima kwa sababu kupima hakukuwa na malipo. Sijitetei, kosa ni langu. Lakini hali ile haijaisha. Katika gereji nyingi fundi hulipwa kwa kipande alichofunga. Saa mbili anazokaa na geji na daftari huhesabiwa kuwa uvivu. Matokeo yake ni kwamba fundi mwaminifu hulala na njaa, na fundi wa haraka hupata fedha kwa kutupa injini nzima nje ya dirisha. Mwenye gari huumia, na jina la kazi yetu huchafuka.

Kwa hiyo yafaa tudai, na tuwaeleze wateja wetu bila haya, kwamba kupima ni kazi. Kuwe na bei yake iliyobandikwa ukutani, ilipwe hata kama jawabu litakuwa "gari lako ni zima, nenda nyumbani". Hesabu ziandikwe karatasini na karatasi awe nayo mwenye gari, ili akitaka kwenda kwa fundi mwingine aende nayo. Na vijana wanaojifunza wafundishwe kushika geji kabla ya kushika spana, maana injini za zamani zinazidi kuwa chache, na mafundi wa kerezo wanaozijua wanazeeka pamoja nazo. Kila bloku nzima inayouzwa kwa uzito wa chuma humwondolea fundi wa kerezo siku tatu za kazi, na humwondolea mwanafunzi wake somo ambalo halimo katika kitabu.

Ikiwa wewe ndiwe mwenye gari, nakuomba mambo mawili. Usimwendee fundi na jawabu tayari kama alivyokuja kijana yule. Mwendee na dalili. Na usikubali kusikia neno "imekufa" kutoka kwa mtu ambaye hajatoa plagi hata moja.

Ile daftari ya vipimo bado iko gerejini, imetundikwa kwa waya karibu na benchi. Juu yake kijana msaidizi wangu ameandika kwa rangi nyeupe: PIMA, NDIPO USEME. Sikumwagiza.